Usinong'one, Wanasema

Ushauri wa kutunza sauti umeandikwa na watu wenye mlango unaofungika. Kila mwalimu ninayemtazama kwenye simu ana zulia, pazia zito, chupa ya maji na ukimya nyuma yake. "Anza kwa kutafuta mahali tulivu," anasema mmoja, kwa upole wa mtu asiyewahi kulala kwenye kartiye yangu ya Buyenzi hata usiku mmoja. Mahali tulivu! Huku ukuta wa jirani ndio ukuta wangu, bati lake ndilo bati langu, na mtoto wake akipaliwa saa nane za usiku mimi ndiye wa kwanza kusema pole.

Kwa asiyenijua, mimi ni mwanamke transgenda, fundi cherehani, mkazi wa Bujumbura, Burundi, au Buja kama tunavyoiita, tangu kuzaliwa. Walionipokea duniani walitangaza mvulana. Nikabalehe, na balehe ikaniachia zawadi nisiyoiagiza: kikoromeo kilichotanuka na nyuzi za sauti zilizorefuka na kunenepa. Zikishanenepa hazikondi tena. Homoni ya estrojeni italainisha ngozi, itahamisha mafuta mwilini, itaotesha hata matiti, lakini sauti haiigusi. Hapo ndipo nina ugomvi na kaka zangu, wanaume transgenda. Wao wakitumia testosteroni nyuzi zinanenepa zenyewe, sauti inashuka baada ya miezi kadhaa, na wao wamelala. Mimi lazima nifanye mazoezi kila siku. Hata kwenye jambo hili wanawake ndio tumeachiwa kazi za nyumbani.

Mazoezi yenyewe yana hesabu. Mwanaume akizungumza, nyuzi zake hutetema mara 100 hadi 130 hivi kwa sekunde. Za mwanamke hukaribia 200. Katikati, kwenye 160 na ushee, msikilizaji hubaki anakodoa macho, hajui aseme bwana au bibi. Nimeweka kwenye simu programu ya wapiga gitaa, ile ya kukazia nyuzi. Ikinionyesha sol iliyo chini ya do ya kati, yaani mitetemo 196, najipongeza, najifunga kitenge changu, natoka kwenda sokoni Ruvumera nikiwa nimejiamini.

Huko namkuta shangazi anayeuza ndagala. Mama wa watu, kilemba kimekaa, bangili mkono mzima, na sauti yake inatoka chini ya meza. "Karibu mwanangu! Mbona unapoteaga hivyo?" anasema, na kopo la kupimia linatikisika. Naapa shangazi huyo hafiki 160 hata akikanyaga moto. Na hakuna kiumbe aliyewahi kumwita bwana. Nimesimama pale mara nyingi kuliko ndagala ninazohitaji, namsikiliza tu. Anarefusha mwisho wa sentensi, anaupandisha, anauangusha. Anacheka katikati ya bei. Neno "mwanangu" peke yake analitembeza ngazi tatu. Nikatambua kwamba ile programu ya gitaa inapima robo tu ya kazi.

Robo nyingine ni mvumo. Sauti ikitoka kwenye nyuzi hupita kooni na mdomoni kabla ya kufika kwa watu, na urefu wa njia hiyo ndio unaoipa rangi. Njia ya wanaume kwa kawaida ni ndefu zaidi. Ndiyo maana tunafundishwa kupandisha kikoromeo kidogo, kusogeza ulimi mbele, kuifupisha njia. Anayekimbilia mitetemo peke yake hukaza shingo, hutoa mlio wa paka aliyekanyagwa mkia, na ikifika magharibi hana sauti ya kike wala ya kiume. Halafu kuna Kirundi, lugha yenye toni. Kwa Kiswahili naweza kupandisha na kushusha nitakavyo, nikaonekana tu nina madaha. Kwa Kirundi nikipandisha silabi isiyo yake nimeshasema jambo jingine, mbele ya mama mkwe wa mtu.

Sasa nirudi kwenye lalamiko langu. Mazoezi haya nitayafanyia wapi? Jibu la mtu maskini ni kunong'ona usiku. Na hapo ndipo wataalamu wengi, wakali kwa wapole, wanapokubaliana: usinong'one. Madaktari walioingiza kamera kooni wakawaambia watu wanong'one waliona kwamba wengi wao hubana sehemu ya juu ya koo kuliko wakizungumza kawaida. Si wote, lakini wengi. Anayedhani anapumzika kumbe anabeba magunia. Sauti ya chini ya kawaida ni salama kuliko mnong'ono mkali.

Unaona nchi yangu ilivyonibana? Sisi Warundi tumebobea kwenye mnong'ono kuliko dunia nzima. Inanga yetu, ile zeze ya ubao, huchezwa na mzee anayenong'ona mashairi juu ya nyuzi, mpaka mgeni anadhani ni zeze ndiyo inayosema. Hiyo ni sanaa ya wanaume. Wanawake wana akazehe, salamu ya kuimba: wawili wanakutana, mmoja anaongoza, mwingine anaingiza sauti yake kwenye mapengo ya mwenzake, na wanaendelea hivyo hadi wamalize kuulizana ng'ombe, watoto na mvua. Michel Vuylsteke alizirekodi mwaka 1967, zikatoka kwenye santuri ya Ocora. Nimezisikiliza. Humo binti mmoja anaruka kutoka sauti ya kifua kwenda sauti ya kichwa na kurudi, haraka, bila kukwaruza, bila programu ya gitaa. Kwa hiyo urithi wangu ni huu: wanaume wananong'ona, wanawake wanapaza. Mimi ninayetaka kuhama upande mmoja kwenda wa pili nimekwama mpakani kwa sababu ya ukuta wa matofali nusu.

Ngoma nazo msiniambie. UNESCO iliziorodhesha ngoma zetu za kifalme mwaka 2014, na Oktoba 2017 amri ya rais ikawakataza wanawake kuzipiga. Angalau hapo nimetendewa sawa na wanawake wenzangu.

Kilichoniokoa ni mrija. Unachukua mrija wa soda, unatumbukiza ncha kidogo kwenye glasi ya maji, unavuma "uuuu" kupitia humo, sauti ikipanda na kushuka polepole, na mapovu yanatoka. Upinzani wa maji unarudisha msukumo nyuma kuelekea kooni, nyuzi zinatetema bila kugongana kwa nguvu. Mfini Antti Sovijärvi alifanya hivyo na mirija ya kioo miaka ya 1960, na Mmarekani Ingo Titze ameeneza mrija wa kawaida kwa waimbaji na walimu. Kwetu mrija si mgeni. Wazee walikaa kuzunguka chungu cha pombe ya impeke, kila mtu na mrija wake, jioni nzima. Vifaa vyote vya tiba ya sauti vilikuwepo. Hakuna aliyewaambia wavume badala ya kufyonza.

Uzuri wa mrija ni kwamba hauna kelele. Ubaya wake ni kwamba una mapovu. Mama wa mlango wa pili alisimama kizingitini siku moja, karai kichwani, akanitazama.

"Wewe dada, unafanya nini na hayo maji?"

"Napoza chai, mama."

"Chai haina rangi?"

"Ya tangawizi."

Akaenda. Dakika chache baadaye akarudi na tangawizi yenyewe, kipande kinene, akaniwekea mezani, kwa sababu aliona aibu chai yangu ilivyo nyepesi. Nilimshukuru kwa sauti ya mbele ya mdomo, ulimi mahali pake, kikoromeo juu. Akajibu, "Asante kushukuru, mwanangu." Nikavuma hadi adhuhuri kwa furaha, kinyume cha masharti yote, maana masharti yanasema dakika chache, pumzika, kisha dakika chache tena, na ukisikia maumivu acha.

Ila hiyo tangawizi ndiyo mwanzo wa balaa jingine. Ukikwaruza neno moja tu Buyenzi, koo lako linakuwa mali ya umma. Mmoja ataleta asali, wa pili limau, wa tatu karafuu za kutafuna, wa nne yai bichi, na mzee mmoja atakuja na kitu ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi ambacho harufu yake inafungua milango. Nashukuru nyote. Lakini nyuzi za sauti ziko kwenye njia ya hewa, na chakula na kinywaji vina njia yake. Chochote utakachomeza hakizigusi. Kikizigusa utapaliwa na tutakuzika. Asali inatuliza koo linalowasha, basi. Nyuzi hulowanishwa na maji ya mwilini, yanayozunguka kwenye damu kwanza, ndiyo maana glasi unayogugumia dakika moja kabla ya kuzungumza haikusaidii chochote. Unatakiwa kunywa kidogo kidogo kutwa nzima. Nami nipo kwenye mji uliokaa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ziwa la pili duniani kwa kina, na bomba la uani linakohoa hewa siku tatu mfululizo.

Ramadhani ndiyo mtihani wenyewe. Kutoka adhana ya alfajiri mpaka ya magharibi hakuna maji, na wateja wote wa Buyenzi wanataka nguo ya Idi iishe jana. Nimehamisha mazoezi baada ya tarawehe, nikiwa nimekunywa tangu futari. Wenzangu wanaojua zaidi wanasema ndivyo inavyofaa. Wanasema pia nisile na kulala papo hapo, kwa sababu tindikali ya tumbo hupanda ukilala chali na kuunguza koo. Kaa saa mbili tatu kwanza. Nani aliyefunga kutwa, akala samaki mukeke wa kukaanga na pilipili, halafu akakaa wima saa tatu? Mleteni nimwone.

Mvuke wa kuvuta ndio unaofika kule chini kwa sababu unapita njia ya hewa. Basi najifukiza: sufuria, maji yaliyochemka, kanga kichwani, uso mbali kidogo nisiungue. Lakini maji ya kuchemsha yanataka mbabura, mbabura inataka makaa, na makaa yanatoa moshi. Navuta moshi nusu saa ili nipate mvuke dakika tano. Kiangazi, Julai na Agosti, vumbi la barabara linaongezea kilichobaki. Bajeti ya koo langu haijawahi kutoka sare.

Nikadhani cherehani itanificha. Kanyagio likigonga, trrrr, nafanya mazoezi chini ya kelele zake. Kumbe Mfaransa Étienne Lombard alishalitaja tatizo hilo mwaka 1911: mtu akiwa ndani ya kelele hupandisha sauti bila kujua. Cherehani inanguruma, mimi napaza. Mteja anaingia, naye anapaza. Redio ya jirani inaongezwa ili ishindane nasi. Ndiyo maisha ya Buja yote hayo. Machi 2022 pikipiki na tukutuku zilikatazwa kuingia katikati ya mji, na nilitegemea kituo cha mabasi kitapoa. Mafuta yakaadimika, foleni za kusubiri basi zikarefuka, na foleni ndefu ina mabishano mengi kuliko pikipiki mia.

Na kuna sauti ambazo hakuna mwalimu anayezitaja mwanzoni. Kikohozi, kicheko, chafya. Unaweza kuzungumza mchana kutwa kwa sauti iliyotulia, watu wamekuzoea, bibi huyu bibi yule, halafu vumbi la kitambaa kipya linakuingia puani. Chafya haingoji ruhusa. Inatoka na umri wako wote, na ubini wako, na jina la kwenye cheti cha kuzaliwa. Duka zima linageuka. Nimejifunza kuikatia njiani kwa mdomo uliofumbwa nusu, ulimi juu, na wateja wananiona nina adabu sana. Kusafisha koo ndiyo nimekataa kabisa, ile "hm-hm" ya wazee wanaotaka kuingia uani: nyuzi mbili zinagongana kwa nguvu, zinavimba kidogo, zinatoa ute zaidi, nawe unataka kusafisha tena. Meza mate, au kunywa funda moja. Hodi ipigwe kwa mkono.

Simu ni adui mwingine. Simu za kawaida kwa miaka mingi zimepitisha sauti kuanzia mitetemo 300 hadi 3,400 tu, kwa hiyo mitetemo yangu 196 niliyoihangaikia inabaki mlangoni, na anayenisikiliza anakisia kwa kile kinachopita. Mteja mpya akinijibu "ndiyo, bosi", naongeza bei ya kushona. Hajui kwa nini. Nitamwambia siku moja.

Lakini yote haya, vumbi, moshi, chafya, hayaumizi koo kuliko woga. Mwalimu wa kwenye simu anasema, legeza taya, legeza shingo, shusha mabega. Nalegeza, nyumbani. Halafu niko kwenye kizuizi cha barabara, afisa ameshika karangamuntu yangu yenye jina la kiume, anaangalia kadi, ananiangalia mimi, anauliza, "Ni wewe?" Shingo inakuwa mbao. Naweza kujibu kwa sauti ninayoijenga, nikaonekana ninadanganya. Naweza kujibu kwa ile ya zamani, nikaonekana ninadanganya pia. Kanuni ya adhabu ya mwaka 2009 iliharamisha mapenzi ya watu wa jinsia moja, miezi mitatu hadi miaka miwili jela, na ya 2017 ikaendeleza. Mimi sikusema nampenda nani. Nimesema tu niitwe bibi. Afisa hana muda wa semina. Mwishoni mwa Desemba 2023 Rais Ndayishimiye alisema hadharani kwamba mashoga wakipatikana Burundi wapelekwe uwanjani wapigwe mawe. Baada ya hapo nilinyamaza siku kadhaa. Wataalamu wanaita hiyo kupumzisha sauti. Nilipumzika vizuri sana.

Tangu hapo nimeacha kujilaumu sauti ikikwaruza. Mtu anayezungumza huku amebana pumzi asikike nusu tu, kutwa, kila mahali, ataumia koo hata anywe ziwa lote. Kenya kidogo kuna hewa: Oktoba 2014 Mahakama Kuu iliamuru Baraza la Mitihani limtolee Audrey Mbugua, transgenda mwenzangu, cheti chenye jina lake, bila alama ya jinsia. Nilifurahi. Cheti hakiongei kwenye simu, lakini angalau kinakuondolea swali la "ni wewe?", na shingo inalegea kidogo.

Upasuaji upo, kwa wenye viza na pesa. Ule wa Mjerumani Jürgen Wendler hushona sehemu ya mbele ya nyuzi ili zitetemapo ziwe fupi, sauti ipande. Haubadilishi mvumo, mazoezi yanabaki palepale, na baada yake unatakiwa kukaa kimya kabisa kwa siku nyingi. Kimya kabisa, Buyenzi! Siku ya pili wangeshamwita mganga, ya tatu wangeshachanga nauli ya kunipeleka kwa mkubwa wake.

Basi mwenzangu, popote ulipo: sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu au nne, hata kama hujaugua mafua, acha tangawizi uende kwa daktari wa masikio, pua na koo akutazame nyuzi. Akikuuliza kazi yako, sema unaimba kwaya, au kaswida kama uko kartiye yangu. Na ninyi mnaofundisha sauti Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam, au mliotawanyika Ulaya na Kanada, masomo karibu yote tunayopata ni ya Kiingereza. Rekodini kwa Kiswahili. Rekodini sauti tupu bila video, kwa sababu bando letu ni dogo, na semeni kwa utaratibu, maana huku tutakuwa tunawasikiliza kwa sikio moja, la pili liko mlangoni.